Mama Hakuimba Mikono Ikiwa Bure

Kibomet, Kitale
9 Februari 2025

Kizito mdogo wangu,

Mulembe. Huku tuko wazima. Mvua bado, na vumbi la Kibomet limeingia mpaka kwenye sukari. Mwalimu mkuu mpya ameniongezea madarasa mawili ya historia kwa sababu, anasema, mtu mwenye nafasi ya kugombana redioni kila Alhamisi hakosi nafasi ya kufundisha. Nimeyapokea. Ndiyo, mimi, bila ubishi. Nisalimie watoto, na Senge Nabwile akipita hapo mwambie miguu yangu nayo imeanza kuuma, kwa hivyo sasa shangazi na mpwa tutaelewana.

Nimekubali shauri la mke wako Viola kwamba tuandikiane. Kwa simu tumeshindwa. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa kwenye veranda ya hospitali, na mimi nikaendelea kuifokea simu iliyokufa huku wagonjwa wakinitazama. Karatasi haikati. Nitakuwa nikiweka bahasha kwenye gari la vifurushi linaloshuka Bungoma, na wewe fanya hivyo hivyo.

Kwanza nishukuru. Viola aliponiandikia kwamba Mama amemeza uji bila kukabwa, nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu nikacheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa. Nilikuwa nimeshaanza kumpanga Mama kaburini, Kizito. Nilikuwa nimeshachagua hata watu nitakaowazuia kuhutubia. Sasa yuko nyumbani, mkono wa kulia ni dhaifu, mguu unaburuta, lakini yuko. Kiharusi kimetuachia mtu. Hilo nalipokea kwa mikono miwili.

Ila hasemi. Na hapo ndipo nina neno na wewe.

Kimaiyo, yule mtaalamu wa mazoezi, alitueleza wote wawili, ukiwepo: maneno ya Mama yamefungiwa, lakini nyimbo mara nyingine hukaa chumba kingine, na mtu akianza kuimba, usemi huweza kufuata. Nawe ukaenda ukafanya nini? Ukaita kwaya ya jumuiya. Viola ananiambia wanakuja kila Jumatano na kinanda cha umeme, wanapanga viti, wanaimba kwa sauti nne, na Mama anawaangalia kama mtu anayengojea wageni waondoke ili afagie.

Nani alikuambia Mama ni kitabu cha nyimbo? Nyimbo hizo ni za Kiswahili cha kutafsiriwa, lugha aliyojifunzia sokoni akiwa mtu mzima. Kanisani nilikaa naye benchi moja miaka yote ya utoto wangu. Alikuwa anachezesha midomo tu. Muziki wa kwanza niliousikia maishani haukutoka kanisani wala kwenye redio ya Baba. Ulitoka kwa Mama, nyumbani. Fikiria ni upi, halafu uniambie kwa nini huuimbi.

Dada yako,
Nekoye


Kanduyi, Bungoma
2 Machi 2025

Kwa Dada Nekoye,

Mulembe muno. Barua ilifika, ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha dereva. Tuko salama. Mvua imeanza kwetu na nimepanda robo ya shamba. Mtoto wa pili amefaulu mtihani wa udereva, kwa hivyo ng'ombe na kuku wa mtaa huu wamo hatarini. Viola anakusalimu. Katika ofisi yetu ya kilimo mambo ni yaleyale: mbegu zinafika wakulima wakiwa wamekwisha kupanda za jirani.

Mama ameongeza uzito kidogo. Anatembea hadi jikoni akishika ukuta. Asubuhi anaketi juani na kuku wanamzunguka. Usiku analala vizuri. Nakuambia haya kwanza kwa sababu najua hukuuliza.

Kuhusu kwaya. Dada, hawa ni watu waliosimama kwenye matope tulipokuwa tukimpeleka kwenye gari. Wanaacha mashamba yao kuja. Mimi ni katekista wao, siwezi kuwaambia kwamba msomi wa Kitale ameona sauti zao hazifai. Na si kweli kwamba hakuna matunda. Jumatano iliyopita Mama aligongesha vidole kwenye kiti. Kimaiyo mwenyewe aliona.

Unauliza muziki wa kwanza. Wangu ni ngoma ya misheni siku ya Krismasi, nikiwa mgongoni mwa Mama, naona mikono ya mpiga ngoma juu ya vichwa vya watu. Sikumbuki mwingine. Utasema nilikuwa mdogo mno kukumbuka, na mimi nitasema wewe ulikuwa mkubwa mno hata siku ile uliyozaliwa.

Utakuja lini? Jumapili Mama anatazama sana njia.

Ndugu yako,
Kizito


Kibomet, Kitale
11 Machi 2025

Kizito,

Habari za huku ni matope. Jirani yangu Wachira amechimba mtaro, na maji yake yote yanaingia kwangu. Ameniambia, kwa uso mkavu, kwamba maji hayana mipaka. Nimemwandikia chifu ukurasa mmoja na nusu. Mpe hongera dereva wetu.

Mtu ambaye kanisa limempatia wino mzuri kama wewe hapaswi kuutumia kukwepa. "Aligongesha vidole." Hata mimi hugongesha vidole mtu akinichosha.

Basi nitakukumbusha. Nilikuwa na miaka minne, pengine mitano, wewe hujazaliwa. Jikoni, ile nyumba ya mviringo. Nilikuwa nimelala chali kwenye gunia, nyuma ya jiwe la kusagia. Mama alikuwa amepiga magoti anasaga wimbi, na dada zake wawili waliokuja kutoka Chwele wanapepeta. Jambo ninalolikumbuka kwanza si sauti ya mtu. Ni jiwe. Lilikuja kupitia sakafu, likaingia mgongoni kwangu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kabla masikio hayajajua lolote. Ndipo sauti ya Mama ikapanda juu yake. Alikuwa anaimba akisukuma, na akivuta anapumua, na dada zake wanajaza pale alipoacha nafasi.

Na alikuwa anaimba nini? Si utukufu wa mtu yeyote. Alikuwa anawatukana mashemeji. Ule wimbo wa kuwasuta watu wa upande wa mume, ambao bibi harusi na dada zake humwaga mlangoni siku ya kuingia boma, na kila mtu anacheka kwa sababu siku hiyo matusi ni heshima. Ng'ombe mliyeleta ana kikohozi. Baba mkwe anahesabu kuku kwa kuwanusa. Na ule ubeti wa Senge Nabwile: mguu mmoja umeenda sokoni, mwingine umebaki nyuma unasengenya. Kwa Kibukusu unauma mara mbili. Baba alikuwa nje akisafisha baiskeli, na nilimsikia akicheka peke yake, mtu ambaye hatukuwahi kumjua kwa kicheko.

Redio ilikuja baadaye. Niliichukia kwa miezi, kwa sababu ilikuwa kitu cha kwanza nyumbani kwetu kisichonyamaza mgeni akiingia.

Sasa nisikilize. Mama hakuimba kamwe mikono ikiwa bure. Si kanisani, si harusini akiwa amekaa, si kwa kutubembeleza. Wimbo wake uliishi ndani ya kazi. Kila mtu anamkalisha kwenye kiti, anamfunika leso magotini, anamwambia imba. Ni kama zile siku za utamaduni za kaunti, ambapo wasichana wanavalishwa sare na kuambiwa wasage hewa mbele ya wageni waheshimiwa. Mnamtaka Mama asage hewa. Tafuta jiwe, Kizito. Jiwe lenyewe, la juu na la chini. Weka wimbi. Weka mkono wake juu yake.

Kuhusu kuja, mitihani ya kati ya muhula imeanza, na barabara ya Kamukuywa unaijua.

Nekoye


Kanduyi
20 Aprili 2025, Pasaka

Dada,

Pasaka njema. Tumekula vizuri. Mama alimaliza samaki wake na wa mtoto. Kwaya iliimba asubuhi, nyimbo zote, mpaka wa mwisho. Mama hakufungua mdomo. Kimaiyo alipita Ijumaa, akasema miezi ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi na tusilegee.

Nilipata barua yako. Jiwe la chini lipo juu ya paa la nyumba ya kuku, linashikilia bati. La juu sijui lilipo. Kwa sasa ni upanzi na palizi, na sina wa kunisaidia kulishusha.

Hukuja hata Pasaka.

Kizito


Kibomet
28 Aprili 2025

Kizito,

Sitauliza mvua imenyesha kiasi gani.

Huna wa kukusaidia kushusha jiwe? Una kijana mwenye leseni, una mke anayebeba gunia la mahindi bila kuomba ruhusa, una kwaya nzima ya watu wenye mabega. Umeandika barua nyembamba kuliko risiti ya kinu cha posho mili, na kila sentensi ndani yake inatazama pembeni. Ni aibu? Unaogopa jumuiya watasikia wimbi linasagwa kwa katekista, waseme kuna pombe ya busaa inapikwa? Waache waseme. Nitakuja niandike kwenye mlango kwamba ni mimi niliyeagiza.

Au unaona haya kwa wimbo wenyewe? Mama aliimba matusi hayo akiwa na rozari shingoni na hakuona ugomvi wowote kati ya viwili hivyo. Ugomvi mmeuleta ninyi mliosoma. Nami nimo kwenye hesabu hiyo, usifurahi.

Niambie sababu. Nimepigana na watu wenye vyeo, sishindwi na kuku wako.

Nekoye


Kanduyi, Bungoma
15 Juni 2025

Kwa Dada yangu Nekoye,

Mulembe. Samahani kwa kimya. Mahindi yanatoa ndevu, watoto wazima, ng'ombe mwekundu amezaa dume. Keti kabla ya kusoma. Ni habari njema, lakini keti.

Barua yako ya Aprili niliiweka ndani ya kitabu cha ibada, na Viola, ambaye hafungui kitabu hicho katikati ya wiki, alikifungua. Nilirudi kutoka ofisini jana, Jumamosi, tulikuwa na ukaguzi wa mbolea, nikakuta bati la nyumba ya kuku limeshikiliwa na tairi, na jiwe liko jikoni limeoshwa. Viola alilileta kwa wilbaro. La juu alilipata kwa jirani, lilikuwa linazuia geti lisifunguke.

Nikamwambia Viola, "Mama Naim, hii kitu tungengoja."

Akasema, "Tungoje nini? Wewe hata kujaribu unaogopa. Si ukae nje basi."

Alisema kweli, na nataka ulisikie kutoka kwangu. Si aibu, Dada, wala si jumuiya. Nyimbo za kanisa ziliposhindwa, nilijua bado kuna jiwe. Kila Jumatano kwaya ikiondoka na Mama amenyamaza, nilikuwa nikijiambia, jiwe bado. Hilo nalo likishindwa, ningebaki na nini cha kujiambia? Ndiyo maana lilikuwa salama pale juu ya kuku.

Sikukaa nje. Nilisimama mlangoni.

Senge Nabwile alikuwa amekuja na mboga, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alikuwa hataki kuondoka. Alimwona Mama amekalishwa kwenye mkeka, Viola amemshika kwa nyuma chini ya kwapa, na jiwe mbele yake. Viola akamwaga wimbi. Tukaweka mkono wa kulia wa Mama juu ya jiwe, ukateleza. Tukaweka tena, ukateleza. Senge akasema, "Tokeni hapo, mnamshika kama mnashika mwizi." Akapiga magoti upande wa pili, yeye na miaka yake yote, akaufunika mkono wa Mama kwa wake, na wakasukuma.

Mwanzo ni jiwe tu. Mbele, nyuma. Senge anahema. Mama anaangalia unga. Nilihesabu tiki za saa ya ukutani, nikaacha, nikaanza kuomba, nikasahau naomba nini. Halafu nikasikia Mama anapumua pale jiwe linaporudi. Si kuhema kwa kuchoka. Alikuwa anapumua mahali pake. Ulivyoandika.

Na wimbo ukaja. Sauti ilikuwa kama mlango ambao haujafunguliwa tangu mvua zianze. Ng'ombe mliyeleta ana kikohozi. Neno kwa neno, Dada, bila kukwama. Baba mkwe anahesabu kuku. Viola alianza kulia na akasahau kumshika, ikabidi nikimbie nimshike mimi. Mama hakutujali. Alikuwa anamtazama Senge usoni, na nikaona midomo yake inapinda upande ule mzima, nikajua anakoelekea. Mguu mmoja umeenda sokoni.

Senge Nabwile alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akajibu. Unajua sheria ya wimbo huo, ukisutwa ni lazima usute. Akaimba, huku anasukuma jiwe, kwamba bibi harusi huyu alikuja kutoka Chwele na chungu kimoja tu, na kilikuwa na ufa.

Jiwe likasimama. Mama alilisimamisha yeye. Akasema, si kwa kuimba, alisema, polepole, kila neno akilivuta kutoka mbali:

"Uongo. Vilikuwa viwili."

Nilikaa chini palepale kwenye makapi. Senge akasema, "Haya, viwili. Na vyote vina ufa." Mama akapiga jiwe kwa kiganja, akasema tena, "Uongo."

Jioni alisema "chai". Alisema "moto". Alimwita Viola kwa jina la dada yake, lakini alimwita. Leo asubuhi Kimaiyo alipopigiwa simu alisema tuendelee kila siku, kazi na wimbo, na tumwache abishane kadiri anavyotaka.

Kwaya nimewaambia. Nilidhani watakasirika. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza kama wanaweza kuja na wimbi lao, kwani hata kwao kuna nyimbo ambazo hazijaimbwa siku nyingi.

Sasa nawe unijibu. Nimekuuliza mara ngapi utakuja lini, na mara zote umenipa barabara na mitihani.

Kizito


Kibomet, Kitale
19 Juni 2025

Kizito mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, kwa kuwa uliniambia nikae. Kisha nikakaa.

Leo ilikuwa siku yangu ya redio. Nilifika, mtangazaji akanitajia mada, jambo la serikali ambalo wiki iliyopita ningelipasua vipande, nikamwambia sina ugomvi nalo. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia mama yangu amesema "Uongo"; akasikia mama yangu tu, akadhani ni msiba. Ilibidi nimweleze hewani, kilichosemwa na kilichokanushwa, na watu wamepiga simu mpaka kipindi kikaisha. Hakuna aliyezungumzia serikali. Mzee mmoja wa mtaa wa Tuwan alitaka kujua kama vile vyungu kweli vilikuwa viwili.

Umejibu ulichoulizwa, nami nitajibu. Nilikuwa hospitalini na Mama siku alipofungua macho. Nikaanza kumzungumzisha kama tulivyozoea, nikamchokoza kuhusu ile blauzi yake ya kijani, nikangoja. Unajua nilikuwa nangoja nini. Tangu nipate akili sijawahi kusema jambo mbele ya Mama asilipinge. Kila nilichoandika, kila mkubwa niliyemkabili, nilikuwa nafanya mazoezi ya kurudi kwake na hoja. Akanitazama tu. Hakunipinga. Nilitoka hadi kwenye veranda, na ndipo nikakupigia, na ndipo nikafoka. Baada ya hapo, kila nikifika stendi ya Kitale na nauli mkononi, nilikuwa najiuliza naenda kuzungumza na nani. Sikuweza kumwangalia amekaa juani anakubaliana na kila mtu.

Sasa nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Januari. Wachira amechimba mtaro mwingine, nikamsalimu.

Usimwambie nakuja. Au mwambie. Mwambie chochote, uniandikie atakavyojibu. Nataka kukiona kimeandikwa.

Nekoye


Kanduyi
22 Juni 2025

Dada,

Tuko wazima, na Viola anakusalimu. Nimemsomea Mama barua yako yote, sebuleni, mbele ya Senge. Imechukua muda kwa sababu alikuwa akinisimamisha. Kuhusu blauzi ya kijani amesema si kijani.

Hili hapa ndilo jibu lake. Ameniamuru niliandike kama alivyolitamka, nami nimeandika, ingawa jambo la pili si la haki:

"Nekoye. Kuja. Hawa watu hapa wananikubalia kila kitu, na huyu Kizito hajui kuimba."

Kizito